Mwaka Yenye Maombi Yangu Ilikuwa Miti ya Shimo

Ndugu yangu mwenye unasoma, vuta kiti, ikala karibu. Hii maneno sikuielezake mu kanisa, hata siku ya ushuhuda, juu mu kanisa batu banapendaka ushuhuda yenye inaisha na Alleluia moja mukubwa, na ya kwangu haiishake vile. Weye nakuelezea juu nawaza hautanicheka, na hata ukicheka, utacheka na mi pamoja. Juma yenye imepita nilienda Manika, ku kilio ya Papa Ilunga. Nilishuka pa taxi-moto, nikafunga kitambaa yangu muzuri ku kichwa, nikaingia mu lupango ya nyumba yao. Mbele hata nisalimie benye kufiwa, nikasikia muzee moja chini ya bâche ya kukinga jua anauliza mwenzake polepole: "Ule mama njo nani?" Mwenzake akajibu: "Haumujue? Njo ule mwanamuke mwenye aliikalaka pa kinywa ya shimo." Miaka makumi mbili na kitu imepita. Nimezaa batoto tano, nimefuata masomo ya mangaribi mpaka nikajua kuandika barua mi mwenyewe bila kusumbua mutu, batu mu kanisa bananiita mama shemasi. Mais kwa bale bazee, mi ni ule mwanamuke tu. Nikafunga kitambaa yangu upya, na ile mwaka yote ikanirudilia.

Ile mwaka nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba yangu ya kwanza. Na bwana yangu Justin tuliikala Musonoi, mu chumba moja yenye tuligawanya na rido, pazia ya maua: huku kitanda, kule meza, benchi mbili na mbabula ya makala. Kila siku, kama kampani inalipua mawe yake kule mu mine kubwa, sahani zilikuwa zinalia pa kabati, na vumbi kidogo inashuka toka juu ku plafond mpaka mu bukari, ugali yetu. Tulikuwa tunaiondoa na kidole na kuendelea kukula. Justin alikuwa creuseur, mutu wa kuchimba na mikono, mu equipe ya batu sita, na chef yao alikuwa Papa Ilunga, mutu mufupi, wa sauti mukubwa, mwenye alikuwa anavaa kofia ya sufu hata mu jua. Juu nyumba yetu ilikuwa karibu na shimo, equipe yote ilikuwa inakula kwetu. Mi njo nilikuwa napika: bukari, sombe ya majani ya muhogo, ndakala, bale samaki badogo, na siku ya furaha bitoyo, samaki ya chumvi. Asubui nilikuwa naenda ku mutoni na bamama bengine kusafisha mawe, miguu mu mayi mpaka vidole inakuwa nyeupe. Na Jumatano na Ijumaa nilikuwa mu groupe ya maombi ya Mama Honorine. Hakuna mutu mu ile groupe alikuwa anaomba murefu kunipita. Nakuambia hii si juu ya kujisifu. Utaona mbele.

Ilianza hivi. Papa Ilunga na equipe yake balichimba juma tatu bila kuona kitu, udongo tu, udongo na mayi. Bengine bakamushauri aende kwa nganga na kuku mweupe, sawa vile mashimo mingi ilikuwa inafanya. Akakataa. Akakuja kwetu, akavua kofia, akaniambia: "Mama, mi niko mukristo. Kuku yangu nitakula. Weye kuya kutuombea." Mais unajua sheria ya shimo: mwanamuke hapitake. Banasema akikaribia, mawe inakimbia, na shimo inaharibika. Basi bakafunga kamba ya bluu hatua kumi mbele ya kinywa ya shimo, nikasimama nyuma ya kamba, nikaomba. Siku ya tatu bakafikia mawe ya kijani, ya shaba, safi, ya kungaa. Toka pale, kila asubui ilikuwa ni vile: batu sita banavua kofia, mi nasimama pa kamba, naomba, banasema Amina, banashuka moja moja. Jina yangu ikawa Mama wa Maombi. Siku ya Mungu batu balikuwa banasogea pa banc ya kanisa juu nipate fasi. Na mi nilipenda, ndugu yangu. Nilikuwa nasema nimemupa Mungu roho yangu yote, naimba vile, nalia hata machozi. Mais kipande moja ya roho ilikuwa inabakia pale pa kamba, inaangalia nani ananiangalia.

Sasa, kwa bale benye habajue: shimo ya kuchimba na mikono inashikiliwa na miti. Banaweka miti ya eucalyptus huku na huku, juu ukuta isianguke. Kulikuwa na papa moja mwenye alikuwa anapitisha ile miti na kinga, baiskeli yake. Siku moja akasimama pa kamba: "Papa Ilunga, miti yako ya zamani imeoza. Nikuletee ngapi?" Papa Ilunga akanionyesha na kidole: "Enda nayo kwa bale benye habana na mama wa maombi. Maombi yake njo miti yetu." Bote bakacheka. Na mi nikacheka, nikainamisha kichwa sawa mutu munyenyekevu. Nikarudia ku mutoni siku ile sawa mutu mwenye ametembea pa hewa. Leo nikikumbuka kile kicheko yangu, nasikia baridi mu mugongo.

Kisha mvua ikaanza. Mangaribi moja equipe yote ilikuwa pa meza, na mi nilikuwa nimelala nyuma ya rido juu miguu ilikuwa imevimba. Balizani nimesinzia. Nikasikia kijana moja wa equipe anasema:

"Papa, ukuta ya kushoto imepasuka."

"Imepasuka namuna gani?"

"Kidole inaingia."

"Kidole ya nani? Yako, ile sawa ndakala?"

Bakacheka. Ule kijana akasema: "Papa, siko nacheka. Juzi ilikuwa haiingie."

Kijiko inagusa sahani. Kisha nikasikia sauti ya bwana yangu: "Hata mi niliiona."

Papa Ilunga akashusha sauti, mais sauti yake hata chini ilikuwa juu: "Justin, sikia. Usimuambie bibi yako. Mutu akijua, maombi yake inalegea. Umuache aombe bila kujua." Nikangojea Justin ajibu. Kisha akasema: "Ndiyo, Papa." Na palepale Papa Ilunga akaita: "Mama wa Maombi! Ndakala ingine iko?" Nikajibu: "Iko, Papa." Nikaamuka, nikachota, nikapita rido. Nikatua sahani, na samaki moja ikaanguka pa meza. "Mungu akubariki, mama," akasema, akaiokota, akaikula.

Nitakuelezea namuna gani zile juma mbili zenye zilifuata? Nilingojea Justin aniambie. Hakuniambia. Alikuwa analala mugongo kwangu, na mi najua halale. Asubui niko pa kamba, naomba maneno yaleyale, kinywa inaenda yenyewe sawa mashini ya kusaga, na macho yangu iko wazi, niko nahesabu: moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Ku mutoni nasafisha jiwe moja mara tatu. Kampani ikilipua, naachilia kila kitu, nasimama, naangalia upande wa shimo kama kuna vumbi. Bamama banasema ni mimba. Mangaribi nahesabu tena: sita. Nashukuru Mungu, nakula kidogo, na kisha woga inaanza upya juu kesho iko.

Nikaenda kwa Mama Honorine. Alikuwa anachunga unga mu kikoni yake, mikono nyeupe mpaka kiwiko. Nikamuelezea yote. Hakukasirika. Akaniambia: "Mutoto yangu, ile ni roho ya woga. Ukisema leo kama shimo itaanguka, unakataa yote yenye umeomba. Funga siku tatu." Mama Honorine alikuwa mutu muzuri, aliniletea hata pagne, kitenge ya kubebea mutoto. Nikafunga siku tatu na mimba yangu, kizunguzungu ikanipata ku mutoni, bakanivuta toka mu mayi. Woga ikabakia palepale. Hakukuwa sauti ya malaika, hakukuwa ndoto. Kitu yenye ilikuja, ilikuja pa meza. Siku nilianza kukula tena, nilifunga macho kuombea bukari, na mu katikati ya ile ombi nikaikatiza. Nikawaza: hii bukari, mi njo nilichota mayi. Nikawasha makala, nikakoroga mpaka mabega ikaniuma. Kisha njo naombea. Sijawahi hata siku moja kuweka sufuria tupu pa meza na kumuambia Mungu ajaze. Na Papa Ilunga, kila asubui, ananiletea sufuria tupu. Na mi naifunika na Amina, juu nikisema ni tupu, sitakuwa tena Mama wa Maombi.

Kesho yake asubui, batu sita bakavua kofia. Nikasimama pa kamba. Bakangojea. Nikasema: "Leo siombe."

Papa Ilunga akazani siko na nguvu. "Fupi tu, mama. Hata Baba Yetu."

Nikainua kamba, nikapita chini yake. Sikupangaka vile. Miguu njo ilienda. Nikasikia makelele nyuma: "Ee! Ee, mwanamuke! Rudia!" Nikafika pa kinywa ya shimo, pale kamba ya kushukia inafungiwa, nikaikala chini, miguu mbele, mimba yangu mbele sawa mupira. Nikashika ile kamba na mikono mbili. Hakuna mutu aliweza kunigusa: mwanamuke pa shimo, na mimba tena, kila moja alirudi nyuma sawa mi ni moto.

Justin akakuja mpaka hatua tatu. Uso yake ilikuwa mbaya. "Odile, toka. Unanipatisha haya mbele ya batu."

"Kidole inaingia, Justin."

"Nani alikuambia?"

"Rido ni kitambaa, Justin. Haiko ukuta."

Papa Ilunga akapiga mikono. "Mama! Mama wa Maombi! Njo imani yako ile?"

"Leta miti, Papa."

"Umeharibu shimo! Unajua batoto ya batu batakula nini?"

"Leta miti."

Nilitaka kusema kitu kikubwa juu ya Mungu, maneno yenye nilikuwa nayo mingi kila Ijumaa. Siku ile hakuna hata moja ilikuja. Ni ile moja tu: leta miti. Bacreuseur ya mashimo ingine bakakuja kuangalia, bakasimama mbali. Moja akapaza sauti: "Papa Ilunga, mumepata mulango mupya? Iko na mimba!" Mwingine: "Bamufungie na ufunguo!" Kicheko ikaenda mpaka ku barabara. Bakamuita Mama Honorine. Akainama, akanisemea mu sikio, akanililia, akanishika kichwa, akaenda na machozi. Na nyuma yangu, mu shimo, nilikuwa nasikia vijiwe vidogo vinaanguka, tshi, tshi, kisha mayi. Mutoto akanipiga teke mu tumbo. Nikawaza: kama udongo inaanguka sasa, ni mi na hii mutoto. Nikawaza tena: na kama haianguke? Kama Mama Honorine njo ana kweli, na mi ni mutu wa woga tu, mwenye kuharibisha kazi ya batu sita? Nikamuambia Mungu, bila sauti, ombi ya kwanza ya ile mwaka yenye hakuna mutu alisikia: kama niko nakosa, nikose na roho yote. Usiniachie hii nusunusu.

Jua ikapanda. Nilikuwa na kiu, na haja ndogo, nikaogopa kusimama juu nikisimama hatabakia mutu mwenye kuziba kinywa ya shimo. Njo pale nikaona Mama Tshala anakuja, mama moja Mukasai, mutu wa jimbo ya Kasai, wa kuuzisha mikate, mwenye hakukuwa mu groupe yetu na alikuwa anatuchekaka eti tunamupigia Mungu makelele sawa ni kiziwi. Akapita kamba na beseni ku kichwa. Bacreuseur bakapiga makelele: "Mwingine tena!" Akaniangalia, akatua beseni. "Mi sijue kuomba murefu sawa weye," akasema. "Mais kuikala, najua. Sogea." Akaikala. Akanifunika na pagne juu nijisaidie pembeni, akabakia pale akilinda fasi yangu na makalio yake makubwa. Kisha akaanza kuuzisha mikate palepale pa kinywa ya shimo: "Papa Ilunga, unakamata ngapi? Ama tumbo yako njo imani inajaza?" Hata Justin akageuka kuficha kicheko.

Mangaribi ikikaribia, Papa Ilunga akatupa kofia yake chini. "Basi! Imeshaharibika. Siku saba hakuna mutu anaingia." Njo sheria: shimo yenye mwanamuke amegusa inalala siku saba. Kisha Justin akasema bila kuniangalia: "Na kisha siku saba, mi siingie bila miti." Ule kijana wa kidole akasema: "Na mi vile." Siku ya saba kinga ya miti ikapita mbele ya mulango yetu mara ine.

Sasa unangojea nikuambie shimo ilianguka. Haikuanguka. Na bila ile miti, ingeanguka ama hapana, hakuna mutu anajua. Balifanya kazi mu ile shimo mpaka mawe ikaisha, bakaijaza udongo, bakaenda upande wa Mutoshi. Banamuke bengine bakaniita Mama Shimo. Mu groupe ya maombi bakaniambia nipumuzike kwanza, na ile mapumuziko ikakuwa myezi mingi. Pa kamba hakuna mutu aliniita tena. Justin hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi, mangaribi, akafika pa mulango, na mbele ya kuvua buti akasema neno moja: "Sita." Nikaelewa. Alikuwa ameniona siku zote nikihesabu. Toka pale, kila mangaribi yenye alichimba, mbele ya kusalimia, mbele ya kuomba mayi: "Sita." Mutoto akazaliwa, musichana, tukamuita Tshala. Familia ya Justin ikauliza toka lini siye ni Bakasai.

Mais mi nilibakia na ile swali. Nimeamuka nayo miaka makumi mbili na kitu. Kama batu banaimba kanisani kumupenda Mungu na roho yote, nilikuwa naimba, na sauti moja ndogo inauliza: ile siku, Odile, ilikuwa roho yote, ama ilikuwa woga yote? Nimezoea kuomba na ile sauti pembeni. Kila asubui naombea batoto yangu, na kisha naenda kuangalia kama mulango imefungwa, kama makala imezimwa, kama ule mutoto mwenye kuendesha taxi-moto amevaa kofia yake. Batu bananiita mama wa wasiwasi. Pengine ni kweli.

Basi, pale pa kilio, Béa, binti mukubwa wa Papa Ilunga, akanivuta mukono mpaka nyuma ya nyumba, fasi bamama balikuwa banapika. "Mama, Papa alituachia maneno ya kukuambia." Moshi ilikuwa inaniingia mu macho. "Alisema ile siku ya saba, alishuka peke yake, mbele bengine bafike na miti. Akaweka kidole mu ule mupasuko. Kisha mukono. Mukono ikaingia mpaka mu kwapa, mama, na hakugusa mwisho. Akapanda, hakuambia mutu, akaomba miti mara mbili ya ile yenye balikuwa bamepanga."

Nikashika ukuta. "Na juu ya nini hakuniambiaka? Tulisalimiana kila mwaka!"

Béa akaangalia chini. "Alisema alikuwa na haya. Na tena alisema... mama, unisamehe... alisema: ule mama, nikimuambia, ataringa."

Nikacheka, ndugu yangu. Pale nyuma ya nyumba ya kilio, nikacheka mpaka bamama ya sufuria bakageuka, na mu ile kicheko nikaanza kulia, na sikuweza kuachanisha. Alinijua vizuri, ule muzee. Alikufia pa kitanda yake, na bajukuu pembeni. Béa akasema tena: "Aliomba weye njo uombee shimo yake ya mwisho. Na alisema basiweke kamba."

Ku makaburi, kati ya bale sita babakia batatu, na Justin wangu ni moja yao. Bakasimama pamoja, bazee sasa, bakavua kofia sawa ile mwaka, na Justin akanisogelea, akanisemea mu sikio: "Tatu." Nikatembea mpaka pembeni ya kaburi. Miguu yangu ilikuwa bado inatafuta kamba. Juu ya kaburi balikuwa bameweka miti mbili ya eucalyptus, ya kubebea sanduku mbele ya kuishusha. Batu bote balikuwa bamefunga macho, banangojea. Nikainama kwanza, nikashika mti moja, nikausukuma kuona kama unashika. Kisha ule wa pili. Kisha njo nikaomba, fupi.

Weye mwenye umefika hapa, usiache hii karatasi mu sanduku na nguo. Kama unajua mama, dada ama bibi mwenye anaombea mutu wake mwenye anashukaka chini ya udongo, umusomee. Kama hana wakati, umuelezee mu njia mukienda ku mutoni. Umuambie asiache kuomba hata siku moja. Na mbele ya kusema Amina, aulize miti iko wapi.